Nyuzi -40: baridi utaizoea, chunga maji

Mdogo wangu wa Makambako, nimesoma swali lako mara mbili. Umepata mkataba wa kazi ya ghala huku Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, unaingia Novemba, na unauliza ununue koti gani kabla ya kupanda ndege. Waliotangulia kukujibu wamekutajia makoti matano na bei zake. Mmoja amekuambia usije kabisa, utakufa. Mimi naishi mji huohuo, huu ni msimu wangu wa sita wa baridi, na kazi yangu ni ya nje. Acha nikueleze ninavyoijua.

Kwanza lile neno lako la "baridi naijua, nimekulia Makambako". Futa. Hata ile barafu ya Kitulo ya mwezi wa saba, jua likipanda kidogo inayeyuka. Huku ziwa linaganda mpaka malori yanapita juu yake. Usiku wa Januari kufika -30 ni jambo la kawaida, watu wanapeleka watoto shule. Ikifika -40 ndiyo utasikia wenyeji nao wakilalamika. (Kwenye -40 hata ubishi wa Selsiasi na Farenhaiti unakwisha, maana vipimo vyote viwili vinasoma namba ileile.)

Lakini baridi kavu yenyewe mwili unaizoea baada ya wiki chache. Kitakachokusumbua ni maji, na nasema hivyo kwa sababu maji ndiyo yananipa ugali. Mji huu umekaa juu ya mwamba mtupu. Kuna mitaa, kama kule Kam Lake, ambayo haina bomba la chini ya ardhi. Nyumba ina simtank ndani na boza linapita kuijaza. Mimi ni mtoto wa Kimara, nimekua nikisubiri boza na ndoo mkononi. Nikavuka bahari kuja kuwa utingo wa boza. Mama nilipomwambia kwenye simu alicheka mpaka akakohoa.

Siku yangu ya tisa kazini ilikuwa -38. Nilikuwa nimevaa kila nilichonacho: fulana ya pamba, sweta mbili, na juu yake koti zito la mtumba nililolinunua Karume, nikijiona komando. Kazi ya utingo ni kuvuta mpira mzito kutoka kwenye gari hadi ukutani kwa mteja, ukizama kwenye theluji mpaka magotini, halafu kuurudisha haraka kabla maji yaliyobaki ndani hayajaganda. Nyumba nne tu nilikuwa natoka jasho kama niko Kariakoo mchana wa Februari. Nikafurahi, nikasema kumbe baridi yenyewe ndiyo hii. Nyumba ya tano pampu ikagoma, tukasimama kama robo saa tukihangaika nayo. Lile jasho likapoa. Nilianza kutetemeka, kisha vidole vikaacha kunitii, kisha nikawa naongea kama mlevi.

Dereva wangu alikuwa mzee wa Kidene, wenyeji wa asili wa nchi hii. Hakunipa pole. Alinisukuma ndani ya gari, akaingiza mkono chini ya koti akashika fulana: imelowa chapachapa. Akaniambia, "Hujapigwa na baridi wewe. Umejipika mwenyewe." Nilivua palepale, akanipa sweta lake la akiba. Tangu siku hiyo naanza kazi nikiwa nasikia baridi kidogo, na zipu naifungua kabla jasho halijatoka. Likishatoka umechelewa.

Kwa hiyo koti ni la mwisho kwenye orodha. Nguo inayogusa ngozi ndiyo ya kwanza, na isiwe pamba. Pamba inakunywa jasho na kulikalia. Tafuta sufu laini au zile fulana za polista za michezo, juu yake kitu chenye manyoya mepesi kama fliisi, kisha ganda la nje la kuzuia upepo. Unavaa na kuvua kadiri ya kazi. Ghalani utakuwa unaingia na kutoka kutwa nzima, ndani +15, mlangoni -35, na hapo ndipo wageni wengi wanaumia kwa sababu wanavaa mara moja asubuhi basi. Weka fulana ya pili kavu kwenye begi, ubadilishe mchana. Mimi mpaka leo nafanya hivyo.

Mikononi, glavu za vidole vitano ni za kazi ndogondogo tu. Joto linakaa kwenye zile za mfuko, vidole vinne vikilala pamoja kama kaka na dada. Chini yake vaa glavu nyembamba, ili ukivua ya nje kushika boliti ngozi isiguse chuma. Chuma cha -40 ukikishika kwa mkono wenye unyevu kinanasa. Mimi nina kovu la kidole gumba, nilibandua kwa nguvu badala ya kumwagia maji ya uvuguvugu. Na glavu ikilowa, hata kidogo, usijipe moyo kwamba itakauka mkononi. Ivue, vaa nyingine.

Viatu. Hapa ndipo weka pesa. Kosa la kila mgeni, na mimi nimo, ni kununua buti la kukaa sawasawa halafu kusukumia soksi tatu. Damu haipiti, miguu inakufa ganzi ndani ya nusu saa, na mtu anaongeza soksi ya nne! Chukua namba moja au mbili zaidi, soksi moja nzito ya sufu, na buti lenye kiatu cha ndani kinachotoka. Kile cha ndani kitoe kila jioni ukikaushe, maana miguu nayo inatoa jasho hata kama huoni.

Upepo usiusahau. Ikiwa -30 na upepo wa kilomita 20 kwa saa, ngozi inapoteza joto kana kwamba ni -43. Kiwango hicho kikishuka chini ya -55, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika mbili. Dalili ni doa jeupe lisilosikia kitu, kwenye pua, masikio au mashavu, na wewe mwenyewe hulioni. Ndiyo maana huku mtu usiyemjua anaweza kukusimamisha barabarani akakuambia "shavu lako". Usimkasirikie. Usilisugue wala usipake theluji, hiyo ni elimu ya zamani ya kuharibu nyama. Funika kwa kiganja chenye joto, ingia ndani, na kama ni vidole tumia maji ya uvuguvugu, siyo ya moto. Mafuta ya mgando ni mazuri kwa midomo iliyopasuka usiku, ila usiyategemee kuwa yatazuia ngozi isigande. Na pombe iache kwa ajili ya nyumbani. Inakupa hisia ya joto huku ikilitoa mwilini.

Ukinunua gari, utaona waya wa umeme unaning'inia mbele kama ulimi wa mbwa. Ni wa heta ya injini. Usiku unachomeka kwenye soketi ya maegesho, la sivyo asubuhi oili imekuwa nzito kama asali na betri haina nguvu ya kuizungusha. Ukiondoka, matairi yanagonga dakika za kwanza, dug dug dug, kwa sababu upande uliolalia chini umekuwa bapa. Mimi nilidhani nimepata pancha zote nne, nikashuka kukagua. Tangi la mafuta lisishuke chini ya nusu. Na hata unapokwenda dukani, buti na blanketi viwe garini, maana gari likizimika njiani ndiyo imekuwa nyumba yako.

Simu iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Ukiitoa -35 chaji inaweza kuanguka kutoka 60 hadi sifuri ukiwa unaitazama. Ukiingia nayo ndani ikiwa ya baridi, usiiwashe wala kuichaji hapohapo, inatoka umande. Maji tena, unaona.

Ndani ya nyumba mambo yanageuka. Heta inakausha hewa mpaka pua inatoka damu na ukigusa kitasa unapigwa shoti. Mimi nabandika sufuria ya maji jikoni jioni, harufu ya tangawizi juu. Bomba linalopita ukuta wa nje linaweza kuganda na kupasuka, basi siku kali sana acha makabati ya chini ya sinki wazi ili joto liingie. Usizime heta ukisafiri ukidhani unaokoa pesa. Jirani yangu mmoja aliokoa pesa ya wiki moja, akarudi akakuta sebule ni uwanja wa barafu.

Giza hujaliuliza, na wengi hawaliulizi. Desemba jua linachomoza kama saa nne asubuhi na kuzama saa tisa alasiri, tena linatambaa chini kwenye upeo wa macho, halipandi utosini. Mimi ni Mwislamu, na Desemba ile ya kwanza nilishangaa Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zinapangana ndani ya saa tatu, nimetoka kutia udhu mara nahitajika tena. Baridi haijawahi kunitoa machozi, giza limenitoa. Daktari aliniambia nimeze vitamini D, nikameza. Kilichonisaidia zaidi ni kutoka nje kila siku saa sita mchana, hata dakika ishirini, na kupika na watu Jumamosi. Tupo Waswahili kidogo hapa, Wakongo, Wakenya, Warundi. Chapati haikosi.

Mwisho, ile barabara ya juu ya ziwa uliyoiona kwenye video. Ipo kweli, inakwenda kijiji cha Dettah, kama kilomita sita, na kuna nyingine ndefu ya malori ya migodi ya almasi ambayo wenye mzigo wanatembea kilomita 25 kwa saa tu. Ukikimbia, uzito wako unasukuma wimbi la maji chini ya barafu, na wimbi hilo ndilo linalopasua. Mara ya kwanza kuvuka nilifungua mkanda na dirisha, nikashika mlango, nikisoma kila dua niliyofundishwa madrasa. Barafu ililia kama bunduki chini yetu. Yule mzee dereva wangu alikuwa anamenya chungwa.

Koti usilinunue huko, mitumba ya huku imetengenezwa kwa baridi ya huku na bei yake utaimudu. Njoo na fulana mbili za sufu na soksi. Nitumie namba yako ya kiatu kwa ujumbe wa faragha. Nina buti la ziada la 45, na kama wewe ni 43 litakufaa vizuri.