Nani aliyehesabu dagaa wa Ziwa Tanganyika?

*Maswali ya wasomaji kuhusu maji na uvuvi. Anayejibu alikuwa mpima samaki kwenye mialo ya Kigoma hadi alipostaafu.*

SWALI: Shikamoo mama. Mimi nanunua dagaa mwaloni Kibirizi, nakausha, napeleka sokoni. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, nilikaa bila biashara huku marejesho ya kikundi yakinisubiri kila wiki. Tuliambiwa watafiti wameona samaki wamepungua. Nauliza: nani aliingia majini akawahesabu? Dagaa mwenyewe haishi hata miaka miwili na anazaa mwaka mzima, sasa kumpumzisha kunasaidia nini? Halafu mwanangu anasema shuleni wamefundishwa kwamba samaki wanapungua kwa sababu ziwa linapata joto. Kama ni joto, kosa letu sisi ni lipi?
*Mchuuzi wa dagaa, Kibirizi*

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa miezi ile. Marejesho hayajui kama ziwa limefungwa.

Nianze na kuhesabu. Hakuna aliyeingia majini, na hakuna atakayekupa idadi ya dagaa mmoja mmoja. Kinachotumika ni sauti. Meli inakwenda polepole usiku ikishusha mlio chini, na mlio ukigonga kibofu cha hewa kilichomo tumboni mwa samaki unarudi juu. Kifaa kinapima ukubwa wa mwangwi uliorudi na kina ulikotoka. Katika miaka ya 1990 meli ya utafiti iliyoitwa Tanganyika Explorer ilizunguka ziwa lote kwa namna hiyo. Inafanywa usiku kwa sababu mchana dagaa wanajikusanya makundi mazito na kushuka chini. Giza likiingia wanapanda kufuata vijidudu wanavyokula, wanatawanyika, na mwangwi wao unasomeka vizuri. Ni tabia ileile inayowafanya waje kwenye taa za wavuvi.

Kifaa hicho hakijui majina. Hakitakuambia huyu ni dagaa na yule ni mtoto wa mgebuka, samaki mkubwa anayekula dagaa, kwa hiyo lazima wavu uvutwe mahali palepale ili kuona ni nani hasa wamo.

Sehemu ya pili ya hesabu inafanyika mbele ya macho yenu pale mwaloni, na kwangu mimi ndiyo iliyo muhimu zaidi kwa sababu inaweza kufanyika mwaka mzima. Bila shaka umewahi kumwona kijana wa TAFIRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa uvuvi, akiomba dagaa kidogo kutoka kwenye mtumbwi ulioingia alfajiri. Anawamwaga kwenye sinia na kuwatenga. Wale dagaa tunaowaita kwa jina moja ni aina mbili, mmoja wa maji ya wazi na mwingine anayekua mkubwa zaidi na kupenda kuzaa karibu na ufukwe. Katikati yao utakuta vitoto vya migebuka, vyembamba, vyenye mdomo mpana kuliko wa dagaa. Kila mmoja anawekwa kwenye ubao wenye rula, pua ikigusa kizuizi, na urefu unaandikwa. Kisha tumbo linapasuliwa kuangalia kama mayai yameiva.

Wachache wanakwenda maabara. Humo kichwani mwa dagaa, nyuma ya ubongo, kuna kijiwe cha sikio kidogo kuliko chembe ya mchanga. Ukikisugua kwenye kioo hadi kikawa chembamba na kukiweka chini ya darubini, unaona duara ndani ya duara, na kila duara ni siku moja ya maisha yake. Hivyo ndivyo tunavyojua umri wa dagaa kwa siku. Wewe uliyeandika kwamba haishi miaka miwili, kijiwe hicho ni moja ya njia za kuyajua hayo.

Na hapo ndipo hoja yako inapogeuka. Kwa sababu dagaa anaishi muda mfupi, miezi mitatu kwake ni sehemu kubwa ya umri. Dagaa mdogo asiyevuliwa Mei anaweza kuwa amekomaa na kuzaa kabla ya mwaka kwisha. Faida inakuja haraka. Inaweza pia kuliwa haraka, ziwa likifunguliwa na kila wavu ukaingia kwa pupa wiki ileile. Kwa mgebuka mambo ni tofauti, yeye anachukua miaka kukomaa, na kufunga kwa msimu mmoja hakuwezi kumrudisha. Anachopata ni watoto wake kutovuliwa pamoja na dagaa kwa kipindi hicho, na dagaa wa kula.

Sasa joto. Mwanao amefundishwa vizuri, mpongeze. Ziwa letu lina kina cha mita 1,470 hivi, lakini samaki hawaishi huko chini. Upande wetu wa kaskazini hewa ya oksijeni inaishia kama mita mia moja, kusini inakwenda chini zaidi. Huko vilindini hakuna hewa ila kuna rutuba, na upepo wa kusi unaovuma kati ya Mei na Septemba ndio unaosaidia kuipandisha juu ili mwani, yaani mimea midogo sana ya majini, uote, vijidudu vile mwani, na dagaa wale vijidudu. Maji ya juu yakipata joto yanakuwa mepesi na kukaa juu ya yale ya baridi kama mafuta juu ya mchuzi. Upepo unashindwa kuyachanganya, na rutuba inabaki chini.

Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walionyesha, kwa kusoma vipimo vya joto na tope la chini ya ziwa, kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na wakakadiria kwamba mavuno ya samaki yangeshuka kwa asilimia 30. Mwaka 2016 kundi la watafiti la Andrew Cohen lilitoa tope la chini ya ziwa kwa mirija na kuhesabu mifupa, meno na magamba ya samaki tabaka kwa tabaka. Waliona samaki walianza kupungua kabla uvuvi wa kibiashara wenye nyavu kubwa haujaanza ziwani katika miaka ya 1950.

Kwa hiyo wavuvi wanaposema wamebebeshwa lawama yote, wana haki, na nimelisema hilo vikaoni. Lakini fikiri na mimi. Ikiwa ziwa lenyewe linazaa kidogo kuliko lilivyozaa enzi za bibi zetu, basi idadi ya nyavu lililoweza kuivumilia zamani haliwezi kuivumilia leo. Joto la dunia hatuwezi kulipunguza kutoka Kibirizi. Kokoro, yaani nyavu za kukokota, na vyandarua vinavyokomba vitoto vya samaki pale ufukweni tunaweza kuviondoa, na tena mwaka mzima, bila kumfungia mtu biashara. Ukiniuliza kipi kitangulie, nitasema ufukwe.

Nalisema pia hili bila kuzunguka: ukishajua mapema tarehe za kufunga, unajua pia ni nani atakosa kula. Wachuuzi, wanaokausha, wapagazi. Takwimu zilezile zinazotumika kufunga ziwa zitumike kupanga marejesho yenu yasimame. Utafiti wa uvuvi unaopima samaki peke yake bila kumpima anayewategemea, mimi nauona ni nusu ya kazi.

Nawe una mchango. Nunua daftari. Kila siku unaponunua andika tarehe, kama ni giza au mbalamwezi, ndoo ngapi, bei gani, na kama dagaa ni wakubwa au wamechanganyika na vitoto. Andika hasa wiki za mwisho kabla ya kufunga na wiki za kwanza baada ya kufungua. Mtafiti akija, msomee. Usipofanya hivyo, swali lako la kama kufunga kunasaidia litajibiwa na watu ambao hawakuwepo mwaloni.

SWALI: Mama, salamu kutoka Kalemie. Kama Tanzania inafunga na sisi huku Kongo tunaendelea kuvua, au nyinyi mnavua sisi tukifunga, si kazi bure? Kila nchi si ina samaki wake?
*Mvuvi wa taa*

JIBU: Hapana ndugu yangu, na kwa dagaa wa maji ya wazi jambo hili lilipimwa. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2019 ulilinganisha dagaa kutoka pande mbalimbali za ziwa na haukuona makundi yaliyojitenga. Ndagala wa Bujumbura, dagaa wa Kigoma na kapenta wa Mpulungu ni ukoo mmoja. Kongo ina asilimia 45 ya ziwa, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6, lakini dagaa hajui mgawanyo huo. Ndiyo sababu nchi nne zilitia saini mkataba mwaka 2003 na kuwa na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Kufunga kwa nchi moja kunasaidia kidogo sana. Tarehe ziwe moja kwa wote, na doria pia.

SWALI: Shikamoo. Nasoma kidato cha nne Kasulu, napenda biolojia. Nikitaka kazi ya kupima samaki nianzie wapi?
*Mwanafunzi*

JIBU: Marahaba. Karibu kabisa na wewe, FETA, wakala wa serikali wa mafunzo ya uvuvi, wana kampasi Kibirizi, wanafundisha uvuvi kwa vitendo. Ukitaka shahada, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sayansi za majini, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nao wanafundisha. Usiiache hesabu, maana takwimu ndiyo nusu ya kazi yenyewe. Likizo ikifika nenda mwaloni alfajiri, omba sinia moja ya dagaa, uwatenge mwenyewe aina kwa aina. Na jifunze kuogelea kabla hujafika chuoni, kwa sababu kazi hii inafanyika usiku na ziwa hili lina mawimbi.