Mtu wa mchana: maswali yenu, majibu yangu

Maswali yamerundikana tangu Ramadhani. Mengine nimeyafumbia macho, maana yalikuwa matusi yaliyowekewa alama ya kuuliza mwishoni. Haya yaliyobaki nimeyafupisha, na aliyetaja mtaa wake nimeufuta. Kwa mgeni: mimi ni mwanaume wa miaka 41, mzaliwa wa Mombasa, mkaazi wa Nairobi, mhasibu, na ninaowapenda ni wanaume. Jina ninaloandikia silo lililo kwenye kitambulisho.

Ulijua lini?

Wewe ulijua lini kwamba unapenda wanawake? Hakuna siku. Kulikuwa na mvulana wa darasa la sita aliyenifundisha kuogelea kule chini ya Mama Ngina, penye yale mawe. Nilijua kuogelea baada ya wiki mbili. Nikaendelea kuzama miezi mitatu.

Kati yenu wawili, nani mwanaume na nani mwanamke?

Hili halikosekani, na simlaumu muulizaji peke yake. Lawama nyingine ni ya sarufi. Kiswahili kimeshagawa kazi: mmoja huoa, mwingine huolewa. Basi ukisikia wanaume wawili wanaishi nyumba moja, kichwa kinaanza kumtafuta wa kuolewa. Kwetu anayewahi kurudi ndiye anayepika, na aliyevunja kikombe ndiye anayefagia. Kama ulikuwa unauliza ya chumbani, hayo hata wazazi wako huwaulizi.

Ila sarufi hiyo hiyo imenifadhili sana. Juzi nilimwambia mkubwa wangu kazini, "Mpenzi wangu anaumwa, naomba ruhusa nimpeleke hospitali." Akanipa ruhusa, akamwombea shifaa. Sikudanganya hata herufi moja. Kwa Kiingereza, kufika sentensi ya pili ningeshabanwa niseme ni wa kike au wa kiume. Kiswahili kinasema "anaumwa" na kinanyamaza. Miaka yangu kumi na tano ofisini nimejificha ndani ya hiyo "a-" na sijawahi kuhitaji uongo.

Nina miaka 24, niko Nairobi. Nataka kukutana na mtu wa maana, lakini hizi programu za simu zinaniogopesha. Nianzie wapi, kaka?

Mdogo wangu, zikuogopeshe kidogo. Mtego wenyewe unajulikana: picha nzuri, maneno matamu siku mbili, mwaliko wa haraka haraka nyumbani kwake, na ukifika unakuta vijana wanne. Wanachukua simu, wanakupiga picha, wanataka pesa kwa M-Pesa. Wanajua vizuri kwamba utaogopa kwenda kituoni. Mimi yalinikuta mwaka 2012. Nililipa shilingi 18,000 kwa mara mbili, na upumbavu wangu ulikuwa ile mara ya pili, maana mtu akishajua unalipa, umekuwa mshahara wake.

Kwa hiyo mwone kwanza kwa simu ya video. Mkutane mchana, penye watu, wewe ndiye uchague mahali. Mwambie rafiki mmoja unakokwenda na saa ya kurudi. Kitambulisho cha kazi kiache nyumbani. Na kama yameshakukuta, usilipe tena, usifute jumbe, tafuta wakili. NGLHRC, shirika la kutetea haki za watu kama sisi, hapa Nairobi wana mawakili wanaosaidia kesi za namna hiyo, na hutakuwa wa kwanza kuwapelekea.

Hayo ni ya usalama. La mapenzi ni gumu zaidi. Nilipokuwa kwenye miaka ya thelathini nilikuwa na mtu, miaka minne. Alikuwa akija saa tatu za usiku na kuondoka kabla ya adhana ya alfajiri. Mtu mwema: haji mikono mitupu, hakuwahi kuninyanyulia sauti, nikiumwa ananiletea dawa. Jumamosi moja nikakutana naye dukani, anasukuma kigari, mkewe pembeni anachagua unga. Akanitazama kama mtu anayeangalia bei ya sukari, akapita. Hilo sikulikasirikia, ndiyo makubaliano yetu yalivyokuwa. Kilichonikata maini ni kwamba alikuwa amevaa miwani. Miaka minne, sijui kama mtu wangu anavaa miwani! Usiku hakuwa na haja nayo.

Tangu hapo nina swali langu moja kwa kila anayenitaka: Jumapili unaweza kuja kula chakula cha mchana? Sisemi uje na bendera, wala usimwambie mtu yeyote. Uje tu saa saba, jua likiwa juu, upite mbele ya bawabu umpe salamu, ule, ukae. Wengi hapo simu zao huisha chaji. Waache ziishe.

Hayo si hatia Kenya? Mbona unaandika kama huna wasiwasi?

Wasiwasi ninao. Lakini tuwe na usahihi: kuwa hivi nilivyo si kosa mahakamani, kinachoshtakiwa ni kitendo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinafika miaka 14, na cha 165 miaka mitano. Waliotuandikia vifungu hivyo ni Waingereza, na kwao wenyewe, England na Wales, walianza kulegeza mwaka 1967. Huwa nacheka nikiambiwa nimeiga Wazungu na mtu anayetetea sheria ya Mzungu.

Tarehe 24 Mei 2019 nilikuwa nje ya mahakama za Milimani majaji watatu walipokataa kuvifuta. Mwandishi Binyavanga Wainaina, aliyejitangaza hadharani mwaka 2014 wakati wengi wetu hatukuthubutu hata kulitamka neno, alikuwa amefariki siku tatu kabla. Nakumbuka kijana mmoja pale ngazini amevaa suti aliyoinunua kwa ajili ya siku ile, lebo ya bei bado iko ndani ya mkono. Naye aliiona wakati anajipangusa macho kwa mkono huohuo.

Karibu miaka minne baadaye, tarehe 24 Februari 2023, Mahakama ya Juu ikasema, majaji watatu dhidi ya wawili, kwamba kuwanyima NGLHRC usajili kulikuwa ubaguzi. Kesi ilikuwa imetembea mahakamani miaka kumi. Vifungu bado viko palepale.

Wasomaji wa Uganda, jibu langu la juu msilichukue kama lilivyo. Sheria yenu ya 2023 inafika hadi kunyonga kwa baadhi ya makosa, na hata anayekupangisha chumba ilimgusa, mpaka Mahakama ya Katiba ilipokifuta kipande hicho mwaka 2024. Wa Tanzania nanyi kifungo kinaweza kuwa cha maisha. Hayo ya bawabu na salamu pimeni wenyewe.

Niko Dar, nina mchumba. Hanigusi, simu haiachi, na kuna rafiki yake mmoja yupo kila tunapokwenda. Je, ni mwenzenu? Nimuulizeje?

Dada yangu, sijui. Dalili ulizoandika zinaweza kuwa za mtu mwenye deni. Sitaki kuwa mganga wa kumpigia ramli mwanaume nisiyemjua. Lakini acha nikusimulie yangu, maana mimi nimewahi kuwa huyo mchumba.

Mwaka 2011 wazee wangu walipeleka posa. Ikakubaliwa, mahari yakatajwa, na fundi akalipwa nusu ya kitanda cha mvule. Yeye alikuwa na miaka 23, anafundisha chekechea, mcheshi, na nilimpenda kama unavyompenda binamu mnayeelewana. Nilidhani ndoa ingenitengeneza. Hakuna aliyenishika shati, nataka uelewe hilo. Nilijipeleka mwenyewe.

Zikiwa zimebaki wiki tatu nikarudi nyuma. Nikasema sijajiandaa, nikapanda basi la usiku nikarudi Nairobi. Mimi nikawa kijana wa mjini aliyeingia woga, watu wakanicheka wakasahau. Yeye ndiye aliyebaki mtaani na maneno: atakuwa na kasoro gani huyu, mpaka bwana kakimbia? Aliyavaa hayo maneno miaka. Kitanda kilikaa kwa fundi mpaka baba yangu akaenda kukichukua, na mpaka leo kinalaliwa na wageni. Nikienda Mombasa huwekewa mimi.

Nilimweleza ukweli mwaka 2017, ameshaolewa, ana mapacha. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimenya chungwa. Kisha akasema, "Ungeniambia mimi, ningesema mimi ndiye sikutaki." Angenistiri, yaani. Nilikuwa na mtu wa kunistiri na sikumuuliza.

Basi muulize mkiwa wawili, dada zake na mama yake wasiwepo. Usianze na "wewe ni shoga?", maana kwa swali hilo mwanaume yeyote atasema hapana, aliye na asiye. Muulize kama anakutaka wewe. Na akijibu, mtazame, usimsikilize tu. Na akikuambia lile unaloliogopa, tafadhali siri hiyo usiipeleke mtaani. Rudisha posa kwa sababu nyingine yoyote utakayotaka.

Unasali?

Nasali. Ijumaa nakaa safu za nyuma, karibu na feni. Mengine ni kati yangu na Mola wangu, na hajaniagiza nikuletee ripoti.

Bibi yangu wa Tanga humwita jirani yake "shoga" na wanakunywa chai. Mimi nikiitwa hivyo nakimbia. Ninyi mnajiitaje?

Swali zuri kuliko yote, na laiti ningekuwa mtu wa lugha. Kwa wanawake wa pwani shoga ni rafiki wa chanda na pete, yule unayemwambia ya ndani. Bibi yangu mimi, barazani kwake Mombasa, alikuwa akimwita jirani kupitia ukutani: "Shoga, ushateleka?" Na shoga anajibu bado, makaa yamelowa. Mimi nimekulia kwenye sauti hiyo. Nilipoitwa hivyo shuleni mara ya kwanza, nilishangaa kabla ya kuumia, kama vile mtu kanirushia sufuria ya bibi.

Siku hizi rafiki zangu wakiniita shoga naitika, nao nawaita. Kondakta wa matatu akiniita, siitiki. Hanithi na msenge siyataki kwa mtu yeyote, hata kwa mzaha. Waganda wana kuchu, na limevuka mpaka. Mimi napenda zaidi "mwenzetu". Mtu anaingia mahali, mmoja anamwinamia mwingine: huyu ni mwenzetu. Basi.

Nimwambie mama?

Kodi ya nyumba unayolala analipa nani? Kama ni yeye au baba, ngoja mpaka uwe na ufunguo wako. Nimewapokea vijana wawili sebuleni kwangu na mifuko ya plastiki kwa sababu ya ujasiri wa Jumapili moja.

Mimi sijawahi kumwambia mama yangu kwa maneno. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa Mombasa kwa Idi, najiandaa kurudi, naye ananifungashia: mahamri, viazi vya karai, chupa ya achari ya maembe. Akasimama na kijiko mkononi akaniuliza, hanitazami, "Huyo mwenzio anakula pilipili?"

Mwenzio. Neno hilo laweza kuwa rafiki, laweza kuwa mke, laweza kuwa yeyote uliye naye. Nikasema, "Hali, mama." Akatoa chupa nyingine kabatini, akajaza achari isiyo na pilipili, akaifunga kwa mfuko na mpira. Chupa mbili. Hatujaongeza neno, na tangu hapo ni chupa mbili kila safari.

Uzee huuogopi? Huna mtoto, nani atakuzika?

Nauogopa. Ndiyo maana tuna chama. Tulianza tisa, shilingi elfu mbili kila mwezi, na katiba ya kurasa tatu ambayo mwenzetu mmoja aliyewahi kuwa karani aliiandika kwa makini hata ikaweka faini ya kuchelewa. Kazi yake ni hospitali na mazishi. Tumezika mmoja. Familia yake ilikuja kutoka mashambani ikidhani itakuta maiti na deni, ikakuta gari, sanduku, na bili ya mochari imelipwa. Baba yake alituuliza sisi ni nani. Mweka hazina akasema, "Sisi ni watu wa chama, mzee." Mzee akashika mkono wa kila mmoja wetu, wanane, mmoja mmoja. Watoto wa kuzaa wapo wanaoshindwa hilo, lakini sisemi kwamba mambo yamelingana. Usiku nyingine bado nahesabu.

Na sasa hivi, una mtu?

Ninaye, mwaka wa tano huu. Jumapili ya kwanza alikuja saa saba kasoro dakika kumi na nikamkuta getini anabishana na bawabu juu ya Gor Mahia. Kwa hiyo bawabu anamjua kuliko anavyonijua mimi. Miwani anavaa, ya kusomea, na huisahau bafuni. Sasa hivi yuko jikoni anakata kachumbari na ananiuliza kama pilipili aweke kwenye bakuli langu peke yake.