Shemeji kapewa notisi? ASITOKE!

Mkuu, simama hapo hapo. Umeandika kwamba shemeji yako wa Leicester anaumwa maradhi ya akili, mwenye nyumba kampa notisi, na Jumamosi mnamhamishia sebuleni kwako ili "aonekane hana pa kukaa", kaunsili (halmashauri ya huko) impe haraka nyumba yenye uangalizi. Rudisha hilo gari mlilokodi.

Kama ana mkataba wake wa upangaji, notisi si amri ya mahakama. Kwa sheria ya Uingereza hatolewi kwa nguvu mpaka hakimu aamue na madalali wa mahakama wagonge mlango. Sasa nyie mnataka kumfanyia mwenye nyumba kazi yake bure?

Mimi niliifanya, kwa mdogo wangu. Kuna jamaa yetu wa vikao vya harusi, anazijua ofisi zote za Uingereza, ila yeye mwenyewe hadi leo anakaa kwa shemeji yake. Ndiye aliyeniambia, "Mtoe dogo mapema, kaunsili wakimkuta kwenye sofa wanampa nyumba chap." Nikamwamini, maana anaongea kwa kujiamini kuliko wakili. Tukarudisha funguo kwa wakala, akatusogezea karatasi: mpangaji anaondoka kwa hiari. Dogo akasaini. Mimi nikasaini kama shahidi, tena kwa kalamu yangu. Digrii ninayo, msicheke.

Kaunsili, dada aliyetuhudumia alikuwa mpole kabisa. Akauliza, "Nani alikwambia utoke?" Mdogo wangu, ambaye kumtoa neno ni kazi ya siku nzima, siku hiyo akajibu waziwazi: "Kaka."

Uamuzi ukaja kwa barua: amekosa makazi kwa makusudi. Likishaingia hilo kwenye faili, hata kama ni mgonjwa na anastahili kipaumbele, kaunsili hawana tena wajibu ule mkubwa wa kumtafutia makazi. Wanampa pa kulala kwa muda, na ushauri. Ushauri! Sisi ushauri ndio tuliokuwa nao tele. Uamuzi huo unapingika, una siku 21 za kuomba uangaliwe upya, lakini barua yetu ilikaa chini ya mto wa sofa haijafunguliwa mpaka siku zikapita. Dogo akiwa hajisikii vizuri hafungui barua. Na lile sofa ni la watu wawili, miguu yake ilikuwa inaning'inia nje kama nguo kwenye kamba.

Kwa hiyo: kaunsili kwanza, funguo mwisho. Tangu Aprili 2018 kaunsili za huko zinatakiwa kumsaidia mtu akiwa amebakiza siku 56 kupoteza makazi, si lazima kwanza alale nje. Nendeni sasa na notisi pamoja na barua ya daktari. Hapo hapo ombeni kwa maandishi apimwe mahitaji yake ya uangalizi, ni haki yake kwa sheria ya uangalizi ya 2014 (Care Act). Nyumba nyingi zenye uangalizi huwezi kwenda kubisha hodi na begi. Lazima upelekwe na kaunsili, mtu wa ustawi wa jamii au timu ya afya ya akili. Dogo mwishowe aliandikiwa na nesi wa timu hiyo. Sasa ana chumba chake, na asubuhi msaidizi anapita kuhakikisha kameza dawa. Yule mjuaji anadai ni kwa mpango wake!

Akishapata, kodi msiiombe kwenye Universal Credit (posho ya serikali ya kila mwezi). Nyumba nyingi za aina hii hulipiwa na Housing Benefit (msaada wa kodi ya nyumba), ambayo inaombwa kaunsili, na ukichelewa kwa kawaida wanarudi nyuma mwezi mmoja tu. Chakula na umeme wa chumbani ni juu yake.

Uliuliza pia kuhusu foleni ya nyumba, TV yake na mtoto kuja kulala wikiendi. Hayo baadaye, mkuu. Hiyo notisi ina tarehe gani? Piga picha, futa majina, weka hapa.