Barua kwa Mwanangu: Kalamu na Uzi Wakati wa Dhiki

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza kama kweli kuandika na kuchora, vile mshauri wa huko Kisumu alivyokuambia, kunaweza kumsaidia mtu aliyepoteza kazi na nyumba kwa mkupuo, ama ni kupoteza muda tu. Swali hili sikutaka kulijibu kwa simu.

Kunasaidia. Hakulipi kodi wala hakurudishi kazi, asikudanganye mtu. Lakini shida zikikuandama, kinachochosha zaidi ni kuona huna usemi juu ya lolote. Ukikaa ukatengeneza kitu, hata kiwe kibovu, hapo kuna jambo unaloliamua mwenyewe: rangi gani, neno lipi, uanzie wapi, uishie wapi.

Hili nililiona mwaka 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, tulipokuwa kwenye mahema pale Showground, Nakuru. Ulikuwa mdogo. Foleni ya maji, foleni ya unga, foleni ya kuandikisha majina. Kutwa nzima mtu anaambiwa la kufanya. Jirani yetu alikuwa mama mmoja wa Kaptembwa aliyechomewa duka. Haongei na mtu. Alikuwa amekimbia na sindano ya krosheti mfukoni mwa aproni. Siku moja akachukua sweta iliyochanika, akaifumua, akazungushia uzi kwenye kijiti, kisha akaanza kufuma kitambaa cha kochi. Kochi lenyewe hana. Anahesabu mishono chini chini, akikosea anafumua na kuanza upya. Tukamsogelea mmoja mmoja, kila mtu na kiuzi chake, na ni katika kule kufuma ndipo alipoanza kutusimulia habari za duka, kidogo kidogo, macho yakiwa kwenye sindano. Naamini asingeyasema tukimtazama usoni.

Nyanya yako kule Kakamega asingeshangaa. Kwao msiba hauendi kimya, isukuti hupigwa na watu wakacheza huku wanalia. Inaniuma kwamba UNESCO ililazimika kuiweka ngoma hiyo, mwaka 2014, kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka, kwa sababu vijana hawajifunzi.

Kuhusu kuandika, kuna jambo lazima ulijue kabla hujaanza. Mwaka 1986, James Pennebaker na Sandra Beall wa Marekani walichapisha utafiti wao: wanafunzi wa chuo waliandika dakika 15 kwa siku, siku 4 mfululizo, kuhusu yaliyowaumiza zaidi maishani. Walipomaliza kuandika, walijisikia vibaya kuliko walivyoanza. Ila katika miezi iliyofuata, wale walioandika yaliyotukia pamoja na walivyojisikia walienda kliniki mara chache kuliko walioandika mambo ya kawaida. Tafiti nyingi za baadaye zimeonyesha kwamba faida ipo lakini mara nyingi ni ndogo, na si kwa kila mtu. Kwa hiyo ukiandika usiku wa kwanza ukalia, usidhani umekosea. Lakini kama kidonda bado ni kibichi mno, funga daftari, uchore.

Na kwa kweli wewe ni mtu wa kuchora. Ukuta wa jikoni yetu unajua makaa yako. Teremka Dunga asubuhi boti zinaporudi, ukae chini, uchore chochote. Watu watakuambia uuze hiyo michoro, maana siku hizi kila kitu lazima kiwe biashara. Waache kwanza. Wala usiirushe mtandaoni ukingoja kusifiwa. Mtu aliyeumia hahitaji kupewa maksi. Itakapofika siku ya kuuza, utaijua mwenyewe.

Mshauri usimwache. Usingizi ukikataa usiku baada ya usiku, chakula kikashindwa kupita, au ukaanza kuona kuishi hakuna maana, hayo si ya penseli. Mwambie siku hiyo hiyo, na unipigie mimi, hata ikiwa saa nane za usiku. Simu yangu siizimi.

Jumamosi napanda matatu ya asubuhi kuja Kisumu. Karatasi nzuri nitanunua hapa mjini, zile nene zisizopenyeza rangi. Niambie tu kama unataka penseli au rangi za maji.

Ni mimi mamako.