Taierzhuang 1938: usiweke divisheni ya China mbele ya divisheni ya Japani kana kwamba ni kitu kimoja

Mkuu, simama hapohapo. Kama hujamlipa mchoraji wa ramani, usimlipe leo. Hilo jedwali ulilobandika juu, "Japani divisheni 2, China divisheni zaidi ya 10", pamoja na mpango wako wa kuipa kila divisheni kisanduku cha ukubwa uleule kwenye video ya Taierzhuang, ule mji wa Shandong, mashariki ya China, ambako Wachina na Wajapani walipigana Machi na Aprili 1938, mimi nimeshapita njia hiyo. Hela ya mchoraji ilipotea yote. Video nikaishusha, maana wanaoijua vita ile waliniuliza swali moja tu kwenye maoni na sikuwa na jibu: "Sasa kama Wachina walikuwa mara tano, ilikuwaje mji karibu wote ukaingia mikononi mwa Wajapani?"

Swali hilo litakufuata na wewe. Jedwali lako haliwezi kulijibu.

Tatizo linaanzia kwenye visanduku. Chukua Divisheni ya 10 ya Japani, ya Isogai Rensuke. Ndani yake brigedi 2 za askari wa miguu, kila brigedi rejimenti 2, kila rejimenti batalioni 3. Jumla batalioni 12. Sasa chukua Divisheni ya 31 ya China, ya Chi Fengcheng, ndiyo iliyoushika mji wenyewe. Karatasini unakuta brigedi 2, rejimenti 4, batalioni 12. Ukiona hivyo unafurahi, unasema kumbe wamepangwa sawasawa, kazi imekuwa rahisi. Mtego ndio huo. Mpango unafanana, ila ukifungua batalioni moja ya huku na moja ya kule unakuta vitu viwili tofauti kabisa.

Batalioni ya Japani ilikuwa na kombania 4 za bunduki, kombania 1 ya bombomu, na vizinga 2 vya milimita 70 vinavyoburutwa na batalioni yenyewe mpaka mstari wa mbele. Ikiwa kamili ina watu kama 1,100. Kamanda wa rejimenti juu yake ana mizinga yake 4 ya milimita 75, haombi ruhusa kwa mtu. Juu zaidi divisheni ina rejimenti nzima ya mizinga, mizinga 36. Jumlisha mwenyewe: 36 ya divisheni, 16 ya rejimenti nne, 24 ya batalioni kumi na mbili. Hiyo ni mitutu 76 ndani ya kisanduku kimoja, kabla hujagusa mizinga mizito ya kutoka ngazi ya juu. Ongeza wapanda farasi, wahandisi, uchukuzi wenye maelfu ya farasi. Divisheni ya namna hiyo ikijazwa kwa vita inafika watu 25,000 hivi.

Batalioni ya China ilikuwa na kombania 3 za bunduki, siyo 4. Mpango wa divisheni ulisema watu karibu 11,000, lakini mpango ni mpango. Watu wa Sun Lianzhong, mkuu wa Chi Fengcheng, yaani divisheni za 27, 30 na 31, walikuwa wametoka kuumia vibaya Niangziguan, mpakani mwa Shanxi, Oktoba 1937. Walifika kwenye Mfereji Mkuu, unaopita Taierzhuang, wakiwa na mapengo. Mizinga ya kwao ilikuwa haba kiasi cha kusikitisha, na ya maana iliazimwa kutoka juu. Ndiyo maana walipigana walivyopigana: usiku, nyumba kwa nyumba, kwa maguruneti ya mkono na mapanga, mahali ambapo mizinga ya Japani ingewaua Wajapani wenyewe kama ingefyatuliwa. Usipoonyesha tofauti hii, mtazamaji wako hataelewa kwa nini askari wa China waling'ang'ania kukumbatiana na adui kwenye vichochoro. Ataona ushujaa bila sababu, na askari wale walikuwa na sababu.

Hiyo ni nusu tu ya hasara. Nusu ya pili ni hii: Japani haikuwa na divisheni 2 Taierzhuang.

Nimeiandika peke yake makusudi. Waliokuja kuushambulia mji walikuwa Kikosi cha Seya, kilichobeba jina la kamanda wake na kujengwa juu ya Brigedi ya 33 ya Divisheni ya 10, yenye rejimenti ya 10 na ya 63. Brigedi ile nyingine ya Isogai, ya 8, ilikuwa na kazi yake magharibi, upande wa Jining. Tena hata Seya mwenyewe hakuwatupa watu wake wote mjini siku ya kwanza. Tarehe 24 Machi 1938 mashambulizi yalianza na sehemu tu ya rejimenti ya 63, kisha wakawa wanaongezewa kidogo kidogo kadiri walivyokwama. Divisheni ya 5 ya Itagaki Seishiro nayo haikuwepo kama divisheni. Kilichokuwepo ni Kikosi cha Sakamoto, nacho kwa jina la kamanda wake, ambacho mhimili wake ni Brigedi ya 21, nacho kilikuwa kimezuiwa Linyi, mji ulio kaskazini mashariki ya Taierzhuang, na watu wa majenerali wa China Pang Bingxun na Zhang Zizhong. Mwishoni mwa Machi ndipo kilipogeuzwa kuja kumsaidia Seya, na kikapigana mashariki ya mji, nje, siyo ndani.

Kwa hiyo kisanduku chako cha "Divisheni ya 5" ukikibandika juu ya Taierzhuang tarehe 24 Machi, umeweka pale jeshi ambalo halikuwepo.

Upande wa China ndiko jedwali linakodanganya zaidi, na hapa nina hasira na mtu. Kuna jamaa anauza majedwali ya vita kwenye makundi ya simu. Anajiita mchambuzi wa mambo ya kijeshi, anakuambia kila kitu kimehakikiwa. Alichofanya ni kuchukua orodha ya kampeni nzima ya Xuzhou, ambayo Taierzhuang ni sehemu yake tu, kuanzia mwanzo wa 1938 mpaka mji wa Xuzhou ulipoanguka tarehe 19 Mei, akaipa kichwa cha habari "Taierzhuang", akapokea pesa. Nilimuuliza Lu Han, jenerali wa jimbo la Yunnan, anafanya nini humo. Akanijibu kwamba sijui kusoma majedwali. Jun ya 60 ya Lu Han (jun ni kundi la divisheni kadhaa) ilifika eneo lile baada ya 20 Aprili, wakati Seya alikuwa ameshauacha mji tangu usiku wa 6 kuamkia 7 Aprili! Walipigana vita vikali sana kaskazini mashariki ya Taierzhuang, wakafa wengi, wanastahili video yao wenyewe. Kuwachomeka kwenye vita ambayo hawakuikuta ni kuwanyima heshima wao na kuwapunja walioushika mji ule mpaka mwisho. Na naona jina la Lu Han limo kwenye jedwali lako, mkuu. Mstari uleule, mpangilio uleule. Najua umelinunua wapi. Mwambie akurudishie pesa, na akigoma mtaje kwenye kundi lake watu wengine wapone.

Angalia pia Divisheni ya 122 ya Sichuan kwenye orodha yako. Kamanda wake, Wang Mingzhang, aliuawa Tengxian, mji ulio kaskazini ya Taierzhuang, tarehe 17 Machi, na walinzi wa mji ule waliteketea pamoja naye. Hiyo ni wiki nzima kabla ya risasi ya kwanza ndani ya Taierzhuang. Kazi yao ilikuwa kumchelewesha Isogai kwenye reli ya Tianjin–Pukou ili wengine wapate muda wa kujipanga, na waliifanya kwa roho zao. Wewe umewahesabu kama divisheni kamili iliyosimama kwenye mfereji tarehe 24. Hawakuwepo. Walikuwa wamekufa.

Halafu Tang Enbo, jenerali mwingine wa China. Jedwali linampa divisheni za 2 na 25 chini ya Guan Linzheng, za 4 na 89 chini ya Wang Zhonglian, na hilo ni sahihi. Lakini linazijumlisha na za Sun Lianzhong kana kwamba zote zilikuwa nyuma ya ukuta mmoja. Tang alikuwa vilimani, kaskazini na mashariki, akitakiwa kumpiga Seya mgongoni. Alikawia. Li Zongren, kamanda wa Kanda ya Tano ya Vita, ameeleza mwenyewe jinsi alivyomtishia Tang kwamba yatamkuta ya Han Fuju, yule mkuu wa Shandong aliyepigwa risasi Januari 1938 kwa kukimbia bila kupigana. Siku zote hizo za kungoja, Divisheni ya 31 ilikuwa inapungua mjini, na za 27 na 30 pamoja na Brigedi ya 44 zikishikilia pembeni. Ukiuliza "nani alikuwa anawakabili Wajapani ndani ya mji tarehe 3 Aprili", jibu siyo divisheni 10. Jibu ni mabaki ya divisheni moja na kilichoweza kuingizwa kutoka kwa jirani zake. Hapo ndipo lile swali la "mara tano" linapojibika.

Basi sheria yangu ni moja, na sitakubaliana na mtu kuhusu hili: usiandike jina la divisheni kabla hujaandika tarehe, batalioni ngapi zilikuwepo mahali pale siku ile, zina watu wangapi, na mizinga mingapi iko nyuma yake. Ukikosa hayo, acha kisanduku kitupu. Kitupu hakimdanganyi mtu.

Kuna atakayesema hapa kwamba babu zetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walipigana na Wajapani Burma, na divisheni ya Japani kule ilikuwa na rejimenti 3 siyo 4, kwa hiyo nimekosea. Sijakosea. Ile ilikuwa 1944, na kufikia hapo divisheni nyingi za Japani zilikuwa zimepangwa upya kwa rejimenti 3. Jeshi la 1938 lina mpango wake. Sheria ni ileile: tarehe kwanza.

Kuhusu vifaru: Seya alikuwa na vigari vidogo vya deraya vya Aina ya 94, na Wachina walivipokea kwa mizinga ya milimita 37 ya kupigia vifaru kutoka Ujerumani. Usichore kundi kubwa la vifaru, halikuwepo.

Kwa sasa fanya hivi. Futa jedwali lote. Fungua karatasi mpya, juu andika 24 Machi 1938. Kushoto weka ile sehemu ya rejimenti ya 63, siyo Divisheni ya 10. Kulia weka rejimenti nne za Divisheni ya 31, na ile ya 186 uiwekee alama maana inakuja kuwa na kazi kubwa ndani ya mji. Kisha karatasi ya pili, siku Sakamoto alipogeuka kutoka Linyi. Ya tatu, 3 Aprili. Ya nne, 6 Aprili, Tang akiwa ameshashuka na Seya anafungasha. Karatasi nne zinakutosha, na mchoraji atakulipisha mara moja tu. Ukizimaliza zibandike kwenye uzi huu kabla hujamtumia, nitazipitia mstari kwa mstari.