Jongoo bahari mezani kwa bibi harusi

Swali lenu la wiki hii ni hili: chakula gani cha harusini kina maana kubwa kuliko ladha yake? Najua wengi watataja pilau, lakini pilau ina ladha ya kujitosheleza. Mimi nasema jongoo bahari. Nilimla Guangzhou, kusini mwa China, kwenye harusi ya binti wa mzee mmoja niliyekuwa nikinunua vitambaa dukani kwake.

Wachina chakula cha harusi hukila kwa masikio. Lugha yao imejaa maneno yanayofanana sauti, na mpishi hufumba humo kama sisi tunavyofumba kwenye jina la kanga. Samaki ni yu, na ziada, yaani kile kinachobaki baada ya kutumia, nayo ni yu. Basi samaki huletwa mzima, kichwa na mkia, ili ndoa iwe na mwanzo na mwisho na akiba isikauke ndani ya nyumba.

Fumbo ninalolipenda zaidi halifiki hata mezani, huwekwa kitandani. Kabla maharusi hawajaingia chumbani, kitanda hutawanywa makunazi mekundu makavu, karanga, longani (tunda la ukoo mmoja na shokishoki) na mbegu za yungiyungi. Chukua silabi moja katika kila jina: zao, sheng, gui, zi. Ziunganishe, utasikia dua kamili: mpate mapema mtoto wa heshima. Karanga zina kazi ya pili pia, kwani jina lake huwakumbusha kuzaa kwa kuchanganya, wa kiume na wa kike.

Jirani yangu mezani alikuwa mtu wa kaskazini, na akaniambia kwao hawana subira ya mafumbo marefu hivyo. Bibi harusi hulishwa jiaozi, vile vifurushi vya unga vyenye nyama ndani, ila hutolewa jikoni kabla havijaiva. Aking'ata huulizwa, “Sheng?” yaani, ni kibichi? Naye, maskini, hana budi kujibu, “Sheng.” Chumba kizima hulipuka kwa kicheko, maana sheng ni kibichi na sheng ni kuzaa. Ameshaahidi mbele ya mashahidi.

Huko kusini nilikokuwa mimi, sahani ya kwanza ilikuwa nguruwe mchanga aliyechomwa mzima, ngozi nyekundu inang'aa. Mimi sili nguruwe, nikaizungusha ile meza ya duara sahani ikapita. Maana yake lakini nilieleweshwa, na haikunipendeza. Kwa desturi ya Wakantoni, wenyeji wa huko kusini, siku ya tatu bibi harusi hurudi kwao kusalimia, na nguruwe wa kuchoma aliyepelekwa na upande wa mume alikuwa tangazo kwamba binti alikutwa bikira. Asipofika nguruwe, mtaa mzima ulijua. Wanaoikumbuka kisarawanda ya pwani hawahitaji kufafanuliwa. Siku hizi anabaki kama pambo la karamu tu, na afadhali iwe hivyo.

Yakafuata mengine. Kamba mkubwa wa baharini ambaye jina lake lina joka ndani yake, na kuku mzima badala ya ndege wa hadithi wanayemwita feng: joka ni bwana harusi, feng ni bibi harusi. Sahani kuu zilikuwa nane, kwa sababu nane kwa Kikantoni husikika kama kutajirika. Nne hukimbiwa, inafanana na kifo. Saba ni hesabu ya chakula cha matanga, kwa hiyo mpishi wa harusi akikosea kuhesabu amewazika maharusi.

Chai nayo ina mambo yake. Kwetu ukisema umepokea chai, watu watauliza ni shilingi ngapi. Kule, maharusi huwapigia magoti wazee wa pande zote mbili na kuwapa vikombe vya chai, mara nyingi vyenye makunazi na mbegu za yungiyungi ndani. Hapo zamani chai ilikuwa sehemu ya mahari yenyewe. Waliamini mchai huoteshwa kwa mbegu na hauhamishwi ukaishi, hivyo binti aliyekwisha kunywa chai ya ukoo mmoja hanywi ya ukoo mwingine.

Halafu akaletwa yeye: mweusi, amekatwa vipande, anateleza katika mchuzi mzito wa chaza. Nilimtambua mara moja. Nimekulia Unguja, nimewaona wavuvi wakimwokota maji yakitoka, wakimchemsha na kumwanika juani, na sijawahi kuona nyumba hata moja iliyompika. Kwetu ni mzigo wa kuuza. Kwa Kikantoni huitwa hoi sam, na kwa kupandisha na kushusha sauti kidogo tu, hoi sam ni furaha.

Mzee aliponiona nimekodoa macho akauliza sisi tunampikaje. Nikamwambia hatumpiki, tunawauzia nyinyi. Alicheka hadi akashika meza, akaizungusha sahani ikasimama mbele yangu. Nikala vipande viwili. Ladha niliyoipata ni ya mchuzi.

Msomaji, Unguja