Sikiliza anapovuta pumzi

Mwezi huu barua zimekuja kwa wingi kuhusu waimbaji na sauti zao, nami nimefurahi, maana hiyo ndiyo kazi ya maisha yangu. Kwa msomaji mgeni: nimeimba taarab asilia Unguja kwa miaka 19, mingi kati ya hiyo nikiwa mwitikiaji nyuma ya mafidla, na sasa nafundisha vijana kuimba barazani kwangu kila siku baada ya alasiri.

SWALI: Shikamoo Bibi. Nilikuja Unguja kwa mara ya kwanza na marafiki zangu, tukaenda kusikiliza taarab ya fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Wenzangu walikuwa wakitikisa vichwa na kuguna, "Ah, sauti hiyo!" Mimi nilisikia sauti nzuri, basi. Nilitakiwa nisikilize nini? – Kijana wa Temeke, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu. Anza na jambo moja tu: mwimbaji anavuta pumzi wapi? Mambo ya sauti ya juu na ya chini yaache kwanza. Fuata pumzi.

Nyimbo nyingi za taarab asilia zina mishororo ya mizani 16, nane kwa nane, na kina katikati na kina mwishoni. Asiyefunzwa huvuta pumzi pale hewa inapomwishia, hata kama yuko katikati ya neno. Utasikia "nimekupe", kisha hewa, kisha "nda". Neno limevunjika vipande viwili na maana imemwagika. Aliyefunzwa huibana hewa mpaka afike kwenye kina, hapo ndipo anapopumua, na wewe msikilizaji huoni kitu, unadhani ni shairi lenyewe limepumzika. Akitaka kukuonesha uwezo wake, hupita kina cha kati bila kusimama, akaimaliza mizani yote 16 kwa pumzi moja, na silabi ya mwisho bado akaizungusha mara tatu nne kabla ya kuiachia. Nina hakika hapo ndipo wenzako walipoguna.

Wengi wetu hili tulilipata chuoni, yaani madrasa, kabla ya kuliona jukwaa. Anayesoma Kurani kwa tajwidi hufundishwa wapi asimame na wapi asithubutu kusimama, na kila herufi inatoka wapi: kooni, ulimini au midomoni. Mtoto wa miaka saba anajifunza kuigawa pumzi yake bila kujua kwamba anajifunza kuimba. Umm Kulthum wa Misri, ambaye wazee wetu walimsikiliza redioni kwa heshima kubwa, alikuwa binti wa imamu wa kijiji katika delta ya Nile, na kusoma Kurani ndiko kulikompa matamshi yale. Maonyesho yake ya Alhamisi ya kwanza ya mwezi yalirushwa na redio ya Kairo, na wimbo mmoja uliweza kupita saa nzima. Kwa nini saa nzima? Kwa sababu mshororo mmoja aliurudia mara nyingi, kila mara kwa mapito mengine, na watu wakipiga kelele aliwarudishia tena. Hilo huwezi kulifanya ukiwa peke yako studio. Wasikilizaji ndio waliokuwa wakimwongezea wimbo.

Mwalimu wangu alikuwa mpiga kanuni, si mwimbaji, lakini masikio yake yalikuwa makali kupita ya waimbaji wote niliowajua. Alitulaza chali juu ya mkeka, akatuwekea tumboni kibaba cha mchele kilichofungwa kwenye kitambaa, akatwambia tuimbe. Mchele upande pumzi inapoingia, kisha ushuke polepole, usianguke. Ukianguka kabla ya kina, unarudi mwanzo. Nilifanya hivyo miezi minne kabla hajaniruhusu kuitikia hadharani. Chini ya mapafu kuna msuli mpana unaoitwa kiwambo. Ukishuka, hewa huingia. Kuimba ni kuuzuia usirudi juu kwa pupa. Ukimwona mwimbaji anapandisha mabega kila anapovuta hewa, ujue anajaza nusu ya juu tu ya debe.

Ukishaizoea pumzi, ongeza jambo la pili: sikiliza mwimbaji na fidla wanavyokutana. Katika makamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, kama Bayati na Rasti kuna sauti zinazokaa katikati ya vibao viwili vya piano. Fidla na udi havina vigawanyo shingoni, basi kidole kinaweza kuzifikia. Koo nalo linaweza, likifunzwa. Mwimbaji akiikosa sauti ile kwa unywele tu, wazee wa mstari wa mbele wanakunja uso. Akiipata sawasawa pamoja na fidla, utahisi kama sauti mbili zimekuwa moja, na mwili utasisimka kabla hujajua sababu. Nenda tena, mwanangu, ukae karibu na mafidla, mbali na spika.

SWALI: Assalaam aleikum. Wewe unasifu mafunzo kila mwezi. Je, Bi Kidude alisoma chuo gani cha muziki? Alivuta sigara, sauti yake ilikuwa na mikwaruzo, na dunia nzima ilimpenda. – Mama Z., Tanga

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Bi Kidude hakuingia darasa la muziki, hilo ni kweli. Lakini kutokwenda darasani si kutofunzwa. Alimsikiliza Siti binti Saad na kuzichukua nyimbo zake kwa sikio, na kwenye unyago alipiga ngoma huku akiimba, saa kwa saa, ngoma kubwa akiwa ameibana mapajani. Jaribu kupiga ngoma na kuimba kwa pamoja kwa dakika kumi tu, utanielewa. Yale yalikuwa mafunzo ya pumzi makali kuliko kibaba changu cha mchele.

Nilimsikiliza kwa karibu zaidi ya mara moja. Mikwaruzo ilikuwapo, na kwa ushauri wangu kijana yeyote asiifuate sigara akidhani ndiyo siri. Lakini chini ya mikwaruzo hewa ilikuwa imenyooka kama kamba ya chelezo. Hakuwa akikata neno. Alipopewa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya kimataifa ya muziki, mwaka 2005 alikuwa bibi kizee, na bado aliweza kuutupa mshororo mpaka mwisho wa uwanja. Alifariki Aprili 2013, na hadi leo wanafunzi wangu wakinidai mfano wa sauti isiyo laini lakini iliyo sahihi, namtaja yeye.

Siti mwenyewe, kabla ya kuimba mjini, alikuwa akitoka Fumba kwa miguu akiuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, akivinadi njiani kwa sauti. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi, akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki kuingiza sauti yake kwenye santuri. Santuri za wakati ule zilibeba dakika tatu hivi kila upande. Ukizisikia, kumbuka kwamba nyimbo zile zilikatwa zienee kwenye sahani. Mbele ya watu, ubeti ulirudiwa kadiri walivyoutaka.

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimeona video ya opera ya Italia. Mwimbaji hana maikrofoni, mbele yake kuna okestra nzima, na bado anasikika. Je, kuna maikrofoni iliyofichwa? Na kama leo kila mtu ana kipaza sauti, mafunzo hayo yana faida gani? – Msomaji wa Nairobi

JIBU: Marahaba. Kwa desturi ya opera hakuna maikrofoni. Ukumbi wa La Scala kule Milan ulifunguliwa mwaka 1778, una viti kama 2,000, na umeme haukuwapo. Waimbaji walilazimika kutafuta njia ndani ya mwili.

Njia yenyewe ni hii. Nguvu nyingi ya okestra iko kwenye mitetemo ya chini, mnamo 500 kwa sekunde, na kadiri unavyopanda nguvu hiyo inapungua. Mwimbaji aliyefunzwa hulishusha zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, kidogo na kuipa nafasi sehemu ya koo iliyo juu yake, na sauti yake inapata mng'ao wa pekee kwenye mitetemo kama 3,000 kwa sekunde. Pale okestra ni dhaifu, na pale pale sikio la binadamu ni kali sana. Hashindani na okestra, anapita pale isipokuwapo. Wanaume na wanawake wa sauti nzito ndio hasa wanaotumia njia hii. Mwanamke wa sauti ya juu kabisa hufungua kinywa zaidi kadiri anavyopanda, kwa hiyo usimcheke anapopanua taya.

Kuhusu kipaza sauti, nikusimulie. Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima, na haukurudi hadi Machi 2010. Harusi hazikungoja. Tulikuwa mtaa wa Ng'ambo mjini Unguja, uani, watu wamejaa mpaka barabarani, jenereta inanguruma nyuma ya nyumba. Kijana mmoja aliimba kwanza, sauti tamu, tamu kweli. Kisha akasimama mama wa makamo. Katikati ya ubeti wa pili jenereta likaishiwa mafuta. Kinanda kikanyamaza, besi ikanyamaza, taa zikazimika.

Yule mama alikiweka chini kipaza sauti, akapiga hatua mbili mbele, akageuka kidogo kuuelekea ukuta ili umrudishie sauti, akauanza upya mshororo uleule. Mpiga dumbak, ile ngoma ndogo, akapunguza mkono. Udi ukamfuata, kisha fidla. Mimi nilikuwa nyuma na waitikiaji wenzangu, na nilisikia kila herufi, hata zile za mwisho wa neno ambazo spika huwa zinazimeza. Watu walinyamaza kiasi kwamba ulisikia watoto wakihema. Wapishi wa biriani waliokuwa nyumba ya tatu walikuja na miiko mikononi kuuliza nani anaimba. Mafuta yaliletwa, jenereta likawaka, na bwana mmoja akapiga kelele, "Zima! Zima hilo!"

Kesho yake asubuhi yule kijana alinifuata kuniuliza mama yule alifundishwa na nani. Baada ya hapo tuliimba pamoja kwa miaka sita.

SWALI: Shikamoo Bibi. Naimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya kanisa. Nikifika sauti za juu koo linauma, na kiongozi anasema nikaze. – Mwanakwaya, Mwanza

JIBU: Marahaba binti yangu. Usikaze. Koo linalouma linakuomba usimame. Mwombe kiongozi aushushe wimbo ufunguo mmoja au akuweke kwenye sauti ya pili kwa muda, na nyumbani fanya zoezi la mchele nililolieleza hapo juu. Kunywa maji mchana kutwa, si kabla ya kuimba tu. Sauti ikikauka ikapita wiki tatu bila kurudi, mwone daktari wa masikio, pua na koo.

SWALI: Bibi, ni wakati gani sahihi wa kumtunza mwimbaji pesa? Naogopa kuonekana mshamba. – Bi harusi mtarajiwa, Pemba

JIBU: Hongera mwanangu. Kutunza ni haki yako, nenda ukimpenda. Ila usiondoke kitini akiwa katikati ya mshororo. Subiri afike kwenye kina, au waitikiaji wapokee, ndipo uende na noti yako, umpe mkononi au umbandike kwenye paji la uso kama mlivyozoea kwenu. Na tafadhali usimkumbatie kwa nguvu. Ukimbana mbavu umembana hewa, na ubeti unaofuata unaihitaji yote.